Wapangaji walionunua kisiwa: uchambuzi wa kisa cha Eigg na kijiji chake cha Cleadale

Kisa kwa ufupi

Tarehe 12 Juni 1997, watu wapatao 65 wa kisiwa cha Eigg, magharibi ya Uskoti, waliamka wakiwa wapangaji na wakalala wakiwa sehemu ya wenye kisiwa. Wengi wao hawakuwa na hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba nyumba waliyolala jana yake ni yao kukaa. Kisiwa kililipiwa pauni milioni 1.5, fedha ambazo hawakuwa nazo.

Kisa hiki husimuliwa sana kama hadithi ya wanyonge kumshinda tajiri, na siku hizi kama hadithi ya umeme wa upepo na jua. Zote mbili ni za kweli. Mimi naona jambo lililokigeuza kisiwa ni la tatu, tena la kuchosha kulisoma: mkataba wa pango. Nani alikuwa nao, nani hakuwa nao, na nini kilitokea siku wote walipoupata.

Jina la kisiwa nimeliacha, maana kisa chenyewe kiliandikwa magazetini na kisiwa hakifichiki. Majina ya watu nimeyaondoa: wenye kisiwa wa miaka ya mwisho, wapangaji, na waliotoa fedha.

Mahali penyewe

Eigg ina ekari kama 7,400. Ukishuka gatini unakutana kwanza na An Sgùrr, mgongo wa mwamba mweusi wenye urefu wa mita 393 unaoonekana toka mbali baharini. Kijiji hakiko hapo. Unafuata barabara, unaipita shule ya msingi katikati ya kisiwa, kisha unateremkia upande wa pili hadi Cleadale. Hapo kuna nyumba zilizotawanyika kwenye ardhi ya rutuba, nyuma yake jabali limesimama kama ukuta, mbele yake ghuba ya Laig, na ng'ambo ya maji milima ya kisiwa cha Rum.

Anayetarajia nyumba zilizobanana kama mtaa atashangaa. Kila nyumba imekaa kwenye kipande chake cha shamba, kinachoitwa krofti. Krofti ni shamba dogo la kupanga, pamoja na haki ya kulisha mifugo kwenye malisho ya wote. Halitoshi kumlisha mtu mwaka mzima, na udogo wake haukuja kwa bahati mbaya. Vipande vya namna hii vilikatwa mwanzoni mwa karne ya 19, wakati fedha katika visiwa vya Hebrides, kundi ambalo Eigg imo, zilipokuwa zikitoka kwenye mwani. Mwani wa kule haukukaushwa ukauzwa kama wa Paje, Zanzibar. Ulichomwa, na majivu yake yakauzwa kwa watengeneza vioo na sabuni. Mkulima mwenye shamba la kumtosha hatakwenda kusimama kwenye maji ya baridi kukata mwani wa mtu mwingine, kwa hiyo shamba lilifanywa lisimtoshe.

Yaliyotangulia

Kisiwa kina historia ndefu na ya damu. Kuna pango la mwambani ambamo, kwa mapokeo, watu 395 wa ukoo wa MacDonald walifukizwa moshi na watu wa ukoo wa MacLeod kutoka kisiwa cha Skye mwaka 1577, wakafia humo. Lakini yanayokihusu kisa hiki yanaanza baadaye, bei ya majivu ya mwani ilipoanguka vita vya Napoleon vilipokwisha. Mkuu wa ukoo, aliyekuwa amezama kwenye madeni, aliuza kisiwa mwishoni mwa miaka ya 1820. Tangu hapo Eigg ikawa kitu cha kununuliwa na kuuzwa, na watu waliomo wakihesabiwa pamoja nayo.

Sensa ya 1841 ilikuta watu 546. Njaa ya viazi ikafuata miaka mitano baadaye. Mwaka 1853 kijiji cha Grulin, chini ya An Sgùrr, kiliondolewa watu ili kupisha kondoo. Zilikuwa familia kumi na nne, na nyingi zilipandishwa meli kwenda Kanada. Misingi ya nyumba zao ipo mpaka leo, kuta zimefika kiunoni, magugu yameota palipokuwa jikoni. Cleadale ilisalimika.

Halafu ikaja sheria ya 1886. Wakulima wadogo wa Skye na kwingineko walikuwa wamegoma kulipa kodi na kupambana na polisi, serikali ikaunda tume, na bunge la London likapitisha sheria iliyompa mwenye krofti haki tatu: asifukuzwe maadamu analipa kodi, kodi yake ipangwe na chombo cha haki, na krofti iweze kurithiwa. Haikumpa ardhi. Ardhi ilibaki ya mwenye kisiwa.

Msomaji aishike sheria hii, kwa sababu inakigawa kisiwa mafungu mawili. Wenye krofti wa Cleadale walilindwa nayo. Waliokaa kwenye nyumba za shamba kuu, vibarua, mafundi, wageni waliokuja kufanya kazi, hawakulindwa. Mwenye krofti angeweza kumjibu mwenye kisiwa ana kwa ana. Jirani yake, aliyekaa nyumba ya kazi, alipaswa kwanza afikirie watoto wake watalala wapi.

Mfululizo wa matukio

Mwaka 1925 kisiwa kilinunuliwa na familia ya Runciman, matajiri wa meli. Walikaa zaidi ya miaka arobaini, wakajenga jumba lenye bustani ya mimea ya nchi za joto (mkondo wa bahari kule huzuia baridi kali), na wazee wa kisiwa waliwakumbuka kwa wema. Walipouza mwaka 1966, kisiwa kilipita mikono miwili kwa miaka tisa.

Mwaka 1975 akaja mnunuzi mwingine, mfanyabiashara na mpenda michezo ya kasi. Alianza vizuri, na haki itendeke kulisema hilo. Alitangaza kazi, akaleta vijana na familia zao kutoka bara, akakarabati nyumba za kupangisha watalii. Idadi ya watu ikapanda. Kisha fedha zikapungua, kazi zikaisha moja moja, na walioletwa wakajikuta wako kisiwani bila ajira na bila mkataba. Mapaa yakaanza kuvuja. Umeme wa gridi haukuwepo, kila nyumba ilikuwa na jenereta yake ya dizeli inayonguruma nyuma ya ukuta. Aliyeomba mkataba wa muda mrefu hakupewa. Wapo waliopata barua za kuwataka waondoke.

Hebu tulitazame paa hilo kwa karibu. Una nyumba isiyo na mkataba, maji yanadondoka juu ya kitanda. Ukinunua mabati na mbao, ukazileta kwa meli, ukazishusha kwa tishari (maana meli haikuweza kufunga gatini, ilitia nanga nje na mizigo ikaletwa kwa mashua ndogo), ukapanda juu ukafunika, umemjengea nani? Mwenye kisiwa anaweza kukutoa mwezi ujao na kuipangisha nyumba yenye paa jipya. Kwa hiyo unaweka ndoo. Miaka kumi baadaye mgeni anapita, anaiona nyumba imeoza, anasema watu wa hapa wavivu.

Mwaka 1991 kikundi cha watu, wengi wao wa nje ya kisiwa, kilianzisha wakfu wa kuinunua Eigg kwa niaba ya wakazi. Wazo lilisikika magazetini. Kisiwani lilipokelewa kwa tahadhari, na wengi waliolikubali walilikubali kimya kimya. Kisiwa kiliingia sokoni mwaka 1992, kikarudi mikononi mwa yule yule.

Mwaka uliofuata habari ikaja kutoka kaskazini. Wakulima wadogo wa Assynt walikuwa wamenunua ardhi yao wenyewe, ekari zaidi ya 20,000, kwa pauni 300,000. Hao hawakuwa wanaharakati wa mjini. Walikuwa watu wa krofti, wafuga kondoo, wazee wa kanisa. Nadhani habari ya Assynt ilifanya kazi kuliko hotuba zote za 1991, kwa sababu ilitoka kwa watu wa aina moja na wao.

Januari 1994 banda la gatini liliungua usiku, na ndani yake gari la Rolls-Royce la miaka ya 1920 la mwenye kisiwa. Hakuna aliyepatikana na hatia. Lawama zilirushwa kwa wageni waliohamia, na hapo likatokea jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka: wenyeji wa asili waliwatetea wageni hadharani kwa maandishi. Mkakati wa zamani wa kuwagawa, wenyeji huku na wahamiaji kule, ukavunjika siku hiyo.

Mwaka 1995 kisiwa kiliuzwa kwa msanii kutoka Ujerumani, kwa karibu pauni milioni 1.6. Aliahidi mengi, akaonekana kisiwani siku chache. Mwaka uliofuata kisiwa kikawa sokoni tena. Ikabainika kilikuwa kimewekwa rehani kwa mkopo, na anayemdai alitaka fedha zake. Kisiwa chenye shule, makanisa na watoto kilikuwa kimewekwa bondi kama saa ya mkononi.

Safari hii wakazi walikuwa tayari. Waliomba fedha kwa umma, dau la kwanza likakataliwa, mfuko wa urithi wa bahati nasibu ya taifa ukawanyima msaada kwa wasiwasi juu ya nani atakuwa na usukani. Barua zenye hundi ndogo ndogo zikaendelea kumiminika. Waliochangia walifika kama 10,000. Sehemu kubwa kuliko zote ilitoka kwa mwanamke mmoja ambaye mpaka leo hajulikani hadharani kwa jina. Katika majira ya kuchipua ya 1997 anayedai alikubali pauni milioni 1.5, na Juni watu wakasimamisha jiwe gatini na kucheza ngoma mpaka asubuhi.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Uamuzi wa kwanza ulihusu umbo la mmiliki. Wakazi wangeweza kudai kila kitu kiwe chao peke yao. Walichagua kuunda Wakfu wa Urithi wa Kisiwa cha Eigg pamoja na Halmashauri ya Highland na shirika la wanyamapori la Uskoti, wakazi wakiwa na viti vinne kwenye bodi na mwenyekiti akitoka nje. Sababu ilikuwa ya kibiashara kabisa: watu 65 wasio na dhamana hawakopesheki wala hawaaminiki kwa mtoaji wa mbali, lakini wakisimama na halmashauri na shirika linalojulikana, wanaaminika. Hatari yake nayo ilikuwa wazi. Umemtoa bwana mmoja, ukakaribisha wawili mezani. Ajabu ni kwamba hata kwa umbo hili, mfuko wa bahati nasibu uliona wakazi wana nguvu mno.

Uamuzi wa pili ulikuja baada ya kununua, na ndio ninaoutetea. Kisiwa kilikuwa na shida ishirini: gati bovu, umeme hakuna, duka kwenye kibanda, msitu umeachwa, jumba kuu linaoza. Wakfu ulianza na mikataba. Wapangaji walipewa pango la muda mrefu lenye ulinzi. Hatua hiyo haikuhitaji saruji. Ilihitaji mwanasheria na kikao. Lakini kuanzia hapo mtu angeweza kupanda juu ya paa lake akiwa na uhakika kwamba analitengeneza kwa ajili ya wanawe, na angeweza kuomba ruzuku ya ukarabati, kwa sababu watoa ruzuku huuliza mkataba kwanza.

Wa tatu, mwaka 1998, ulikuwa jengo la gatini, An Laimhrig, ambamo duka, posta, mgahawa na vyoo viliwekwa chini ya paa moja, pale pale abiria anaposhuka. Ni jengo la kawaida. Kazi yake kubwa ilikuwa kuonyesha, ndani ya mwaka mmoja, kwamba wakfu unaweza kumaliza kitu.

Uamuzi wa nne ni umeme, nao unahitaji maelezo kidogo.

Kuvuta waya wa chini ya bahari kutoka bara kungegharimu fedha nyingi mno kwa wateja wachache vile. Wakazi wakaamua kujenga gridi yao: mtambo wa maji wa kilowati 100 upande wa Laig na miwili midogo, mitambo minne ya upepo ya kilowati 6 kila mmoja, paneli za sola, benki ya betri, na jenereta mbili za akiba za dizeli. Kilomita kama 11 za waya zilifukiwa ardhini. Gharama ilifika pauni milioni 1.66, nyingi zikiwa ruzuku. Swichi iliwashwa tarehe 1 Februari 2008.

Mchanganyiko huo una mantiki ya majira. Majira ya baridi mvua na upepo haviishi, maji na pangaboi vinafanya kazi. Juni, vijito vinapokonda, jua linakaa angani mpaka baada ya saa nne usiku. Kinachokosekana huku kinapatikana kule, na dizeli inaziba pengo.

Swali gumu lilikuwa mgawo. Wakakubaliana kikomo: kila nyumba kilowati 5 kwa wakati mmoja, kila biashara 10. Nyumba ya mtu mmoja, nyumba ya watoto watano, mzee wa krofti na aliyehamia juzi, wote 5. Jikoni maana yake ni hii. Birika la umeme linakula karibu kilowati 3. Mashine ya kufulia ikipasha maji inakula 2. Hapo umeshafika ukingoni, na ukiwasha pasi, umeme wa nyumba yako unakatika. Haurudi kwa kubonyeza kitu mwenyewe. Lazima mmoja wa mafundi wa kisiwa aje auwashe, na unalipia usumbufu huo. Kwa hiyo kila nyumba ina kijimita kinachoonyesha unatumia kiasi gani sasa hivi, na watu wamejifunza kungoja chai ichemke ndipo wafue. Kupikia hutumia gesi au kuni.

Umeme ukizidi, siku ya upepo mkali betri zikiwa zimejaa, ziada inaelekezwa yenyewe kwenye hita za ukumbi na makanisa. Mafundi ni wakazi waliofundishwa, wanalipwa kwa saa. Hakuna gari la shirika la kusubiri kutoka bara.

Matokeo

Watu wamefika kama 110. Vijana waliokwenda bara kusoma (baada ya msingi mtoto huvuka kwenda Mallaig na kurudi mwisho wa wiki) wameanza kurudi na wenzi wao, wakajenga. Sehemu kubwa ya umeme wa mwaka, asilimia 90 na zaidi, inatoka kwenye maji, upepo na jua. Mwaka 2010 kisiwa kilikuwa miongoni mwa washindi wa shindano la Uingereza la jamii zinazopunguza hewa chafu, kikapata pauni 300,000. Gati jipya lilikamilika mwaka 2004, tishari likastaafu.

Nje ya kisiwa matokeo yalikuwa makubwa zaidi. Uskoti ni nchi ambako nusu ya ardhi ya watu binafsi mashambani imeshikwa na watu wasiozidi 500. Bunge la Uskoti mjini Edinburgh liliporudi mwaka 1999, wabunge walikuwa na Assynt na Eigg za kunyoshea kidole. Masalia ya umiliki wa kikabaila yalifutwa rasmi Novemba 2004, na sheria ya 2003 ikazipa jamii za mashambani haki ya kuwa wa kwanza kununua ardhi inapouzwa. Mfuko wa kuzisaidia ukaundwa pia. Kisiwa cha Gigha, chenye watu wasiofika 100, kilinunuliwa mwaka 2002, kabla ya sheria hiyo, kwa msaada wa mfuko huo, kwa pauni milioni 4.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Mkataba kwanza, mtambo baadaye. Nimesoma maelezo mengi ya Eigg yanayoanza na pangaboi kilimani. Yanaanzia mwisho. Mtu asiye na uhakika wa kukaa hakubali kubanwa kwa kilowati 5, kwa sababu nidhamu ya aina hiyo ni ya mtu anayejua atakuwepo mwakani. Miaka kumi na moja ilipita kati ya mikataba na umeme. Miaka hiyo ndiyo iliyowafundisha wakazi kukaa kikaoni, kugombana na kumaliza.

Usawa wa kikomo nao ulikuwa uamuzi wa busara kuliko unavyoonekana. Wangeweza kuuza umeme kwa bei, anayeweza achukue. Mhandisi angependa hivyo, hesabu zake zingekuwa rahisi. Lakini kisiwani kila mtu anajua nani anawasha nini. Kikomo kimoja kwa wote kiliondoa swali la nani anammalizia nani betri, na kiliondoa kabla halijaulizwa.

Jambo lingine ni subira ya kusubiri wenyeji waongoze. Jaribio la 1991 na la 1996 yalifanana kwenye karatasi. Tofauti ilikuwa sauti. La kwanza lilisemwa na watu wasio na cha kupoteza, kwa niaba ya watu wenye kila kitu cha kupoteza. Hata hivyo sitaki kulibeza. Lilifanya neno "kununua" litamkike, na bila wenye krofti wa Cleadale, waliolindwa na sheria ya miaka zaidi ya mia nyuma, sidhani kama wale wa nyumba za kazi wangethubutu kujitokeza la pili lilipokuja. Ulinzi wa wachache uliwapa wote mahali pa kusimama.

Uchambuzi: kilichokwama au kubaki na walakini

Fedha. Sehemu kubwa ya bei ililipwa na mtu mmoja mwenye roho nzuri. Huwezi kuandika hilo kwenye mpango kazi wa kijiji kingine. Hata hizo pauni milioni 1.5 zinanikera: zilikwenda kumfuta mtu deni la mkopo ambao senti yake haikuonekana kwenye paa lolote la kisiwani. Thamani iliyouzwa ilikuwa imejengwa na mikono ya watu waliolazimika kuinunua.

Mwenye nyumba sasa ni jirani. Zamani ukidaiwa kodi unamchukia mtu wa mbali, basi. Sasa anayekuandikia barua ya kodi ni mtu utakayekutana naye dukani saa nne, na mtoto wake anasoma na wako. Watu wakali wanaweza kuonekana wanaonea, na wapole wakaacha madeni yalale. Mwenyekiti wa nje na wajumbe wasiokaa kisiwani walisaidia hapa kwa njia ambayo sidhani ilikusudiwa: uamuzi mchungu unaweza kubebwa na mtu atakayepanda meli jioni.

Uchovu ni tatizo la kila mahali padogo. Bodi, kampuni ya umeme, ya biashara, chama cha wakazi, kamati ya ukumbi, vyote vinawategemea watu wazima wachache mno. Mtu mmoja anaweza kuvaa kofia tatu kwa wiki. Kazi nyingi za mwanzo zilikuwa za kujitolea, na kujitolea kunapoendelea miaka ishirini kunakuwa kazi isiyolipwa. Eigg ilijifunza kulipa baadhi ya kazi hizo, ikiwa ni pamoja na za umeme. Gigha ilionyesha upande mwingine wa hatari: idadi ya watu iliongezeka, nyumba zikakarabatiwa kwa haraka, na wakfu ukajikuta na deni la mamilioni ya pauni lililochukua miaka kuliweka sawa. Mwendo wa polepole wa Eigg, uliolalamikiwa na baadhi ya wakazi wenyewe, huenda uliwaepusha na hilo.

Kigaeli, lugha ya zamani ya kisiwa, hakikurudi na ardhi. Kilikuwa lugha ya nyumbani Cleadale ndani ya kumbukumbu za walio hai. Leo wengi wa wakazi ni watu waliohamia au watoto wao, wakarimu na wenye kukipenda kisiwa, lakini wanaongea Kiingereza. Ununuzi uliokoa idadi ya watu. Lugha ilikuwa imeshapungua sana kabla yake, na hakuna mkataba wa pango unaoweza kuirudisha.

Mwisho ni nyumba. Kisiwa kilichokuwa kikikimbiwa sasa kinatafutwa. Wanaotaka kuhamia ni wengi kuliko paa zilizopo, na kila mgeni anayependa mandhari anaweza kulipa zaidi ya kijana aliyezaliwa pale. Wakfu una ardhi, una uwezo wa kutoa viwanja na kuviwekea masharti ya mtu kukaa mwaka mzima. Hauna fedha za kujenga kwa wingi, na kila mfuko wa saruji bado unavuka bahari kutoka Mallaig. Safari hii wanaoamua nani apate kiwanja na nani asubiri ni wakazi wenyewe, kwenye ukumbi ule ule unaopashwa moto na umeme wa ziada, wakitazamana usoni.